Anza na Diana
Ndugu, kati ya komiki za Absolute Batman na Absolute Wonder Woman, zote za kampuni ya DC zilizoanza Oktoba 2024, mimi nakwambia anza na Wonder Woman. Mwandishi Kelly Thompson amemfanya Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, alelewe kuzimu na mchawi Circe, na bado ana huruma kuliko mashujaa wengi niliowasoma. Halafu michoro ya Hayden Sherman! Diana anatokea juu ya farasi wa mifupa mwenye mabawa, kashika upanga mkubwa ajabu. Hapo utakaa na ukurasa kwa muda. Batman nayo ni kali, Bruce, yaani Batman mwenyewe, si tajiri na mama yake yu hai, ila toleo la kwanza limebanana maelezo. Isome baada ya Wonder Woman, usiiache.