Maswali yenu: Vipandikizi vya mtini

Kijiti changu kilitoa majani, nikafurahi, kisha kikanyauka ghafla. Nami nilikimwagilia kila siku! (Arusha)

Hapo kwenye "kila siku" ndipo penye tatizo. Kijiti cha mtini kina akiba yake ya chakula, na kwa akiba hiyo hutoa majani kabla hata ya mzizi wa kwanza. Kwa hiyo usiyaamini majani. Ukizidisha maji, mchanga unakosa hewa na sehemu iliyokatwa inaoza. Finya mkononi mchanganyiko wa kuoteshea (mchanga na makumbi ya nazi): ukichuruzika maji, umezidisha; ukishikamana bila kudondosha tone, panda. Baadaye usimwagilie mpaka juu pakauke. Mimi hupenda kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, kilichotobolewa chini, kwa sababu mizizi myeupe unaiona ikigusa ukuta, mara nyingi kati ya wiki 3 na 6. Kiweke kivulini penye mwanga, ukifunike kwa mfuko wa nailoni, na uufunue kidogo kila siku kipate hewa. Na tafadhali, usikivute kuchungulia!

Nikate tawi la aina gani?

Lililokomaa, la kahawia, nene kama penseli au zaidi kidogo. Sentimita 15 hadi 20 zenye vifundo 3 au 4 zinatosha. Kata chini kidogo tu ya kifundo. Tawi bichi la kijani huoza upesi. Vaa glavu, maana utomvu wake mweupe ukibaki kwenye ngozi kisha ukapigwa na jua, huleta malengelenge.

Udongo wa shambani unafaa?

Kwa kuotesha, hapana. Ni mzito, na huenda una minyoo midogo inayovimbisha mizizi. Changanya mchanga wa mto uliooshwa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Samadi isubiri.

Kuna vidoti vyeupe kwenye gome. Ni ukungu?

Vikiwa vigumu kama vipele, ni dalili njema, mizizi i karibu. Ukungu una manyoya na hufutika kwa kitambaa.

Naweza kupanda mbegu za tini kavu za dukani? (Mombasa)

Baadhi huota, ila mche hautafanana na mama yake, na unaweza kupata mtini dume usiozaa tini za kula. Isitoshe, aina kama Smyrna haziivishi tini bila nyigu maalumu wa kuchavusha. Omba kijiti kwa jirani ambaye mtini wake unazaa hapo hapo Mombasa.