Zilimfikia

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Picha zako za Philadelphia nimeziangalia mara nyingi, mdogo wako akinikuzia kwenye simu. Nimeiona ile fremu nyeupe ya chuma iliyosimama mahali palipokuwa na nyumba ya Benjamin Franklin, yule mwanasayansi na mwasisi wa Marekani, na yale mawe ya chini yaliyochongwa maneno ya barua. Ukaniuliza: "Baba, wewe mtu wa posta niambie. Mkewe alimwandikia London miaka nenda miaka rudi, naye hakurudi mpaka mama wa watu akafa. Au barua hazikumfikia?"

Nimeamua kukujibu kwa karatasi, mdogo wako ataipiga picha akutumie. Jibu ni refu, na mwishoni kuna jambo nataka ulisome ukiwa umekaa.

Zilimfikia, mama.

Swali lako nililisikia kaunta tangu siku ya kwanza ya kazi hadi siku niliyokabidhi funguo. Mtu anakuja, anauliza kama barua yake imepotea njiani, maana ameandika na hajajibiwa. Tulikuwa tunatafuta, tunafungua daftari la rejista, tunaangalia mihuri. Ziko zilizopotea, sikatai. Lakini mara nyingi barua ilikuwa imefika, imechukuliwa, imesomwa. Kumwambia mtu hivyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kumwambia imepotea.

Na huyu Franklin hakuwa mtu wa kupotelewa na barua. Wengi wanamjua kwa radi na tiara, mimi nilianza kumsoma zamani kwa sababu alikuwa mwenzetu. Mwaka 1737 aliwekwa kuwa msimamizi wa posta ya Philadelphia, na mwaka 1753 akawa mmoja wa manaibu wawili waliosimamia posta ya makoloni yote ya Waingereza kule Amerika Kaskazini. Cheo hicho alikuwa nacho hadi Januari 1774. Kwa cheo chake alituma barua bila kulipa ada. Meli za posta zilikuwa zikitoka Falmouth, bandari ya Uingereza, kwenda New York, na watu wakalalamika kwamba zinachelewa majuma mawili nyuma ya meli za biashara. Akamuuliza ndugu yake, nahodha Timothy Folger wa Nantucket, kisiwa cha wavuvi wa nyangumi kule Amerika, aliyekuwa London wakati huo. Folger akamweleza kwamba katika Atlantiki kuna mkondo mkali wa maji, wavuvi wa nyangumi wanaujua na wanaukwepa, ila manahodha wa meli za posta wanaupanda kifua mbele na hawataki kufundishwa na wavuvi. Franklin akachoresha ramani ya mkondo huo. Sisi watu wa pwani, tuliozaliwa tukisikia habari za kaskazi na kusi, tunaona mara moja uzito wa jambo hilo. Huyo alikuwa mtu aliyejua kwa kipimo kwa nini barua inachelewa.

Sasa mkewe, Deborah. Walianza kuishi kama mke na mume Septemba 1730, akamsaidia dukani na katika kazi ya uchapaji, wakamzika pamoja mtoto wao wa kiume wa miaka 4 aliyekufa kwa ndui. Mwaka 1757 mume akatumwa London kwa kazi za koloni la Pennsylvania, akakaa miaka mitano. Alirudi nyumbani kwa miaka miwili tu. Novemba 1764 akaondoka tena, akisema ni miezi michache. Aligusa ardhi ya Philadelphia tarehe 5 Mei 1775. Deborah hakumfuata kwa sababu alikuwa anaiogopa bahari, na hofu hiyo hakuificha kwa mtu yeyote.

Basi wakabaki na barua. Za Deborah zimeandikwa jinsi alivyotamka, maneno yanafuata sikio na si kitabu, na hapo ndipo nilipompenda. Ukizisoma unamsikia mtu anaongea huku anamenya viazi. Anaeleza chumba kipi kimewekwa nini, nani kaja kusalimia, nani mgonjwa. Anamtumia mumewe tufaha na vitu vya kula vya kwao. Mume naye anatuma vyombo, mazulia, vitambaa, na kijagi kikubwa cha bia alichosema kilimvutia mara moja kwa sababu kinafanana na mama mnene mchangamfu aliyevaa gauni safi la kaliko, kikamkumbusha mtu fulani. Alimpenda, usije ukadhani vingine.

Lakini ngoja nikuonyeshe kitu kimoja. Kabla hajasafiri, Franklin alikuwa amefunga ndani ya nyumba yao ya zamani fimbo ya chuma iliyoshuka kutoka juu ya paa, na kwenye fimbo hiyo vikengele. Wingu la radi likipita, vikengele vinalia vyenyewe, ndipo anajua umeme umeshuka afanye majaribio yake. Yeye akaenda London, vikengele vikabaki na mkewe. Fikiria usiku wa mvua, mwanamke yuko na binti yake, mara kengele zinaanza kulia ngazini na hakuna mkono uliozigusa. Akamwandikia. Jibu lilikuja, la Juni 1758: kama mlio unakutisha, funga kipande cha waya kutoka kengele moja hadi nyingine, umeme utapita kimyakimya.

Jibu sahihi kabisa. Waya ule ungefanya kazi hata leo. Na mimi kila nikifika hapo nafunga kitabu kwanza.

Barua nyingi alizijibu kwa mtindo huo. Nyumba mpya, hiyo uliyoona fremu yake, ilikuwa haijaisha alipoondoka, kwa hiyo Deborah ndiye aliyesimama na mafundi. Mume akiwa London anauliza vipimo, anaeleza rangi, anasikitika hayupo kumalizia jiko kwa sababu alilibuni kama mashine, na anaona mkewe hataweza kulitumia. Septemba 1765 mji ulipochafuka kwa sababu ya ushuru wa stempu ambao Waingereza waliwatoza watu wa makoloni kwa karatasi zao, ikavuma kwamba Franklin aliuunga mkono, na watu wakatishia kuibomoa nyumba. Deborah alimpeleka binti yao Sally mahali pa usalama, Burlington, yeye akakataa kuondoka. Ndugu zake wakaja na bunduki, chumba kimoja kikageuzwa ghala la silaha, wakajipanga ghorofani. Akaandika yote hayo kwa mkono wake. Mume alimsifu sana kwa ujasiri. Kurudi, hakurudi.

Kisha mwanamke akaanza kuishiwa nguvu. Majira ya baridi ya kuingia mwaka 1769 alipatwa na kiharusi. Daktari Thomas Bond, rafiki wa familia, alimwandikia Franklin mwezi Juni bila kuzunguka: mkeo amepooza ulimi kwa sehemu, kumbukumbu ikampotea ghafla, amepata nafuu lakini afya yake kwa jumla imeshuka. Franklin akatafuta ushauri wa daktari mkubwa wa London, akatuma. Mwaka huo huo Deborah mwenyewe akamwandikia chanzo cha ugonjwa alivyokijua yeye: ni huzuni ya kukaa kwako huko, ilifika mahali sikuweza kubeba tena, nikaanguka na sikuweza kuinuka.

Hilo nalo lilimfikia. Mwaka 1771, fedha za matumizi zilipomwishia Deborah, mume alimjibu kwamba hata katika siku zake nzuri hakuwa makini na fedha, na sasa kumbukumbu yake imeharibika mno asiweze kuachiwa fedha bila kikomo. Hapo, mwanangu, sina utetezi wa kumpa.

Mjukuu alizaliwa Agosti 1769, akapewa jina la babu. Deborah alimwita kwa jina la ndege wa kwao, akajaza barua kwa vituko vyake. Franklin alizifurahia, kisha akamlipa: wewe umenipa habari za mjukuu wako, nami nikupe za mtoto wangu wa ubatizo. Huyo alikuwa mtoto wa Polly, binti wa mama mwenye nyumba aliyoishi London. Nafikiri aliandika kwa moyo mweupe. Alikuwa na nyumba nyingine tayari, yenye mama, binti, mtoto na meza iliyoandaliwa, na hakuona alichokuwa akimwambia mwanamke aliyeketi peke yake ng'ambo ya bahari.

Barua za Deborah zikawa fupi, zikawa chache. Baadaye hazikuja kabisa, na hapo ndipo mume alipoanza kulalamika. Septemba 1774 aliandika kwamba ni miezi tisa mirefu hajapata hata mstari kutoka kwa Debby wake. Yaani mwishowe ni yeye aliyesimama kaunta akiuliza kama barua imepotea.

Deborah alifariki tarehe 19 Desemba 1774. William, mtoto wa kiume wa Franklin ambaye Deborah hakumzaa, ndiye aliyemwandikia baba yake. Alisema Deborah alimwambia mapema kwamba mumewe asiporudi kipupwe hicho hatamwona tena, na kwamba yeye William anaamini kukata tamaa huko kulimla sana. Barua hiyo inafika London, mwanamke ameshazikwa.

Umeuliza pia kwa nini hakurudi. Kazi zilikuwepo kweli, alikuwa wakala wa makoloni manne, na kila mwaka ulikuja na mzozo wake. Lakini naamini pia aliipenda London, na kwenye karatasi miezi michache inasogezwa kwa urahisi mno.

Miaka ya Ufaransa, pale Passy karibu na Paris, alipokuwa mjumbe wa Marekani wakati wa vita vya kujitoa kwa Waingereza, nitaipita haraka. Barua zilimwandama huko kama nzi, za watu wasiomjua wakiomba vyeo katika jeshi la Washington, hadi akaogopa mialiko ya chakula. Hata hao, wengine aliwajibu. Ila mwaka 1784 William, waliyetengana naye kwa sababu ya vita hivyo, maana alibaki upande wa Waingereza, alimwandikia kuomba wapatane. Mzee akamjibu kwamba hakuna kilichowahi kumuumiza kama kuachwa uzeeni na mwanawe wa pekee wa kiume. Nilipolisoma hilo nilimfikiria Deborah, nikasimama nikatoka nje kidogo.

Kaburi lao umelipita, naona kwenye picha ile ya sarafu ambazo watu huzitupa juu yake. Jiwe lile la bapa alilipanga mwenyewe katika wosia: futi sita kwa nne, bila mapambo ila ukingo mdogo, na majina yao, Benjamin na Deborah, na mwaka. Na barua zake alizitunza. Ndiyo sababu wewe umezisoma chini ya miguu yako.

Sasa nikuambie kwa nini hadithi hii inanikaa kooni. Zamani alikuwa akija kaunta bibi mmoja, mwanawe yuko Muscat. Hakujua kuandika, nikawa namwandikia mimi baada ya saa za kazi. Siku moja alikuja anakohoa, anashika ukuta, kanga imelowa jasho. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, mwandikie sijambo, asiwe na wasiwasi, amsalimie mkewe. Nikaandika sijambo. Nililamba bahasha mwenyewe, nikapiga muhuri, ikaenda. Kijana alipokuja, alinikuta kaunta akaniuliza: baba, wewe si ulikuwa unamwona? Sikuwa na la kumjibu. Sina mpaka leo.

Kwa hiyo mimi nakuandikia kama alivyoandika yule daktari Bond.

Mama yako alianguka uani Jumanne ya juma lililopita, asubuhi, akianika nguo. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito kama nusu saa hivi, kisha ukarudi. Hospitali walikuta presha 190 kwa 110, wakamlaza siku mbili. Anameza vidonge asubuhi na jioni, nahesabu mimi. Anatembea, anapika, ila kikombe anakishika kwa mikono miwili, na juzi alimwita mdogo wako kwa jina lako mara tatu bila kujua. Daktari anasema anaweza kukaa hivi muda mrefu, na anaweza kupata tena. Kanikataza nisikuambie, na amejua kwamba naandika hii, amenuna.

Ukimpigia leo atasema hajambo, kisha atakuuliza umekula nini. Muulize mkono wa kushoto.

Baba yako