Makala za tasnifu ya biashara: kuzipata bila kulipa, kuzisoma bila kupotea

SWALI: Nasomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ila naishi Malindi, mbali na chuo. Tasnifu yangu ni kuhusu nyumba ndogo za wageni: zinajikimu vipi masika, wageni wanapopungua? Google Scholar inaniletea maelfu ya makala, nyingi za kulipia kwa dola. Hizo chache nilizopata nazisoma mwanzo hadi mwisho na sishiki kitu. Nifanyeje?
Msomaji, Malindi

JIBU: Dada, usilipe kwanza. Na hayo maelfu yanatokana na maneno mapana. Ukiandika Malindi peke yake utaletewa matumbawe na tope la Mto Sabaki, maana watafiti wa bahari wameiandika sana pwani hiyo. Makala za fani yako nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa Kiingereza, na maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu: "small hotels" seasonality Kenya. Kisha jaribu visawe, "guest houses" OR "small hotels". Hiyo OR iwe ya herufi kubwa. Mara nyingine ondoa Kenya: visiwa vya Mediterania vina tatizo la msimu kama lenu, na yameandikwa mengi.

Ukipata makala moja inayokufaa kweli, achana na maneno, fuata nyayo. Chini yake, hapo kwenye Google Scholar, pana kiungo cha walioinukuu (Cited by). Kibofye, weka tiki kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya hao tu, kisha andika hotels Kenya. Makala ya Jay Barney ya 1991 kuhusu rasilimali za kampuni imenukuliwa mara makumi ya maelfu. Bila kuchuja hivyo hutoboi.

Ukurasa ukidai pesa, rudi Google Scholar ubofye kiungo cha matoleo yote (All versions), huenda mwandishi ameweka nakala ya bure kwenye hazina ya chuo chake. Programu ya Unpaywall ndani ya kivinjari hukutafutia nakala halali kama hizo. Tovuti ya AJOL (African Journals Online) ina majarida ya Afrika, mengi ya bure. Muhimu kuliko yote, mwombe mkutubi wa chuo chako nywila ya kuingilia ukiwa nje ya chuo: huenda umeshalipia majarida hayo ndani ya karo.

Kusoma, anza na ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, kisha ruka moja kwa moja hadi mbinu na majedwali. Hitimisho hupenda kujisifu, jedwali halina maneno mengi. Tuseme mwandishi anadai mafunzo ya wafanyakazi "yana athari kubwa" kwa mapato, na jedwali linaonyesha p ya 0.003 na R² ya 0.12. Hiyo p ndogo inasema tu kwamba matokeo kama hayo yangekuwa nadra kutokea kwa bahati, haipimi ukubwa wa athari. R² ndiyo inayokuambia kuwa modeli imeeleza asilimia 12 ya tofauti za mapato. 88 zimebaki nje. Angalia pia hojaji alijaza nani. Meneja yuleyule akijipa alama za uongozi na za faida kwa siku moja, uhusiano huo huenda umetiwa chumvi.

Kila makala ipe mstari mmoja kwenye Excel: swali, nadharia, waliohojiwa na idadi yao, matokeo, namba ya ukurasa. Usiahirishe namba ya ukurasa, msimamizi ataidai. Tasnifu za wenzako mtandaoni zitumie kuchimba marejeleo, kisha fungua makala yenyewe. Makosa ya kunukuu hurithiwa.