Kabla hujapiga Windows tena, pima RAM

Mkuu, umesema mashine yako ya mezani inaganda, mara inatoa skrini ya bluu na kujiwasha upya, na fundi wako wa Makorora keshapiga Windows mara mbili, sasa anataka ununue diski mpya. Mwambie asubiri kwanza. Dalili hizo nimeishi nazo hapa Chumbageni, na kwangu mbovu ilikuwa RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta inafanyia kazi zake.

Kilichonitia shaka ni mafaili. Nikikopi faili la zip kutoka kwenye flashi linagoma kufunguka, nikilikopi tena linafunguka. Diski ikiharibika, mara nyingi faili lile lile ndilo linalogoma kila siku. RAM mbovu inabahatisha. Hata skrini ya bluu ilikuwa haina msimamo: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa jingine kabisa. Hitilafu hii ni kama tunavyosemwa sisi wa Tanga, waja leo waondoka leo. Ukimpelekea fundi mashine inatulia mchana kutwa, ukiirudisha nyumbani tu inaanza vituko.

Na ndiyo maana kupiga Windows hakukusaidii. Kila faili linalokwenda kwenye diski linapita kwanza kwenye RAM. Ikiwepo seli moja inayosoma 1 mahali pa 0, faili linaandikwa likiwa limeshaharibika, nawe unalipa hela ya Windows mpya yenye kasoro tangu dakika ya kwanza.

Windows yenyewe ina kipimo chake: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, mashine itajiwasha upya na kupima. Kwa kuanzia kinafaa, ila kikisema hakuna tatizo usikiamini sana. Mimi naiamini Memtest86+. Ni ya bure, unaiweka kwenye flashi na kuwashia mashine humo. Iache ipime usiku kucha (umeme ukikatika unaanza upya, vumilia), na kasha liwe limefungwa, maana RAM nyingine hazikosei mpaka zipate moto. Makosa yanayoruhusiwa ni sifuri. Usikubali mtu akwambie kosa mojamoja ni kawaida. Kwangu mistari myekundu ilianza kushuka kabla raundi ya kwanza haijaisha: huku thamani iliyotarajiwa, huku iliyosomwa, zinafanana zote isipokuwa tarakimu moja, na anwani zake zimerundikana sehemu moja.

Hapo wengi ndipo wanapokimbilia dukani. Bado. Mistari myekundu inakwambia kuna kasoro, haikwambii iko kwenye kipande kipi, wala kama tatizo ni RAM au ni tundu lake kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Toa vipande vyote, rudisha kimoja, pima. Kitoe, weka kingine kwenye tundu lile lile, pima. Halafu hamia tundu la pili. Kosa likikifuata kipande kila unapokichomeka, kibovu ni hicho kipande. Likibaki kwenye tundu hata ukibadilisha RAM, utanunua RAM za kila aina na mashine haitapona, kwa sababu shida iko kwenye bodi.

Halafu sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi. Ukishaitoa RAM, tazama yale meno ya rangi ya dhahabu pembeni. Yangu yalikuwa na utando wa kahawia hafifu, huuoni mpaka uyainamishe kwenye mwanga. Sugua taratibu kwa raba laini ya kufutia penseli, pangusa mabaki kwa brashi kavu, rudisha, pima upya. Nimeona mashine ya jamaa yangu wa Raskazone ikipona kwa raba peke yake. Yangu haikupona. Kipande kimoja kiliendelea kutoa makosa kwenye kila tundu, kikawa hakina utetezi.

Ukienda Ngamiani kununua, nenda na kipande cha zamani mkononi na usome lebo. Mimi niliambiwa, "Ami, hii inaingia, wala usiwe na wasi." Kuingia ingeingia kweli, ila lebo ilisema PC3-12800R, na hiyo R mwishoni ni ya RAM za seva, kompyuta zetu za nyumbani haziwaki nayo. Nikairudisha palepale kaunta. Unayoitaka ni yenye U. PC3-12800 ndiyo hiyo hiyo DDR3 (kizazi cha tatu cha RAM za DDR) ya mwendo wa 1600, wasikuchanganye. DDR3 na DDR4 haziingiliani, kikato kiko mahali tofauti, kwa hiyo ikigoma usiikandamize. Kwa wenye laptopu, angalieni PC3L: hiyo ni ya volti 1.35, na laptopu nyingi za DDR3 za miaka ya mwisho haziikubali ile ya 1.5. Mwendo ukitofautiana na kile kipande kilichobaki, vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole, haidhuru. Patana na muuzaji mapema kwamba ikifeli Memtest86+ unairudisha. Akikataa, duka la pili haliko mbali.

Ukiichomeka, bonyeza mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe, kisha pima tena usiku mzima kabla ya kugusa Windows. Ikitoka safi, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika sfc /scannow, amri inayokagua na kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe, huenda hata usihitaji kupiga upya. Ila picha na nyaraka ulizokopi kipindi RAM ilipokuwa mbovu zifungue moja moja, na zile zilizobaki kwenye simu au flashi usizifute mpaka umalize.