Maswali ya Wasomaji: Shotigani Moja ya Pampu kwa Nyumba na kwa Uwanja

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni msomaji wenu ninayeishi nje kidogo ya mji wa Abilene, Texas, nilikofika kama mkimbizi kutoka Kongo, na sasa nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nyumba yetu iko mbali na majirani, na polisi wakiitwa huchukua muda kufika. Wenzangu wa kazini wamenizoesha kwenda nao katika uwanja wa kulenga shabaha, nami nimeupenda sana mchezo wa kupiga sahani za udongo. Nataka kununua shotigani moja ya pampu itakayofaa kwa ulinzi wa nyumba na kwa mchezo huo. Muuzaji amenionyesha bunduki nyeusi yenye mtutu mfupi, akaniambia kwamba hiyo ndiyo ya ulinzi. Mke wangu, ambaye ni mfupi kuliko mimi, naye anataka kujifunza. Tuna watoto watatu, na mkubwa ana miaka 11. Nichague ipi?

JIBU: Ndugu yetu wa Abilene, nakushauri ununue bunduki ya uwanjani kwanza, kisha uiongezee mtutu mfupi. Usianze na ile nyeusi ya mtutu mfupi kwa matumaini kwamba utaicheza uwanjani, kwa sababu sahani ya udongo ikirushwa huenda kasi, na mtutu mfupi ni mwepesi mno kwa mbele, hauendi kwa utulivu pamoja na shabaha. Utakosa mara nyingi, utachoka, na baada ya muda bunduki itabaki kabatini. Bunduki isiyotumika ndiyo mwenyewe asiyoijua, na hapo ndipo hatari ya nyumbani inapoanzia.

Tazama jinsi pampu inavyofanya kazi, utaelewa kwa nini ninasisitiza mazoezi. Baada ya kupiga risasi moja, mpigaji mwenyewe huvuta kishikio cha mbele mpaka mwisho, ganda tupu likatupwa nje, kisha hukisukuma mbele mpaka mwisho ili risasi nyingine ipande kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu na kuingia chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa. Utaratibu huu ni rahisi na haubagui aina ya risasi, nyepesi au nzito, na ndiyo maana pampu imedumu zaidi ya karne moja. Udhaifu wake uko mikononi mwa mtu. Aliyeshikwa na hofu huvuta nusu tu ya safari, ganda lisitoke au risasi mpya isiingie, na bunduki ikakwama wakati mbaya kuliko wote. Dawa ya kosa hilo ni mkono uliozoea. Trepu na skiti ni michezo miwili ya kupiga sahani: raundi moja ya trepu ni sahani 25, sawa na boksi moja la risasi, na katika skiti kuna vituo ambapo sahani mbili hurushwa kwa pamoja, hivyo mwenye pampu hulazimika kuvuta na kusukuma kikamilifu kabla ya kuigeukia ya pili. Mtu anayekwenda uwanjani mara kwa mara hujifunza mwendo huo bila hata kutambua kwamba anajifunza.

Kwa hiyo tafuta bunduki yenye mtutu wa inchi 26 au 28, wenye vibanio vya mdomo vinavyofunguliwa na kubadilishwa. Kibanio ni kipande cha chuma kinachoufanya mdomo wa mtutu uwe mwembamba zaidi ili marisau, yaani punje ndogo zilizomo ndani ya risasi, yasitawanyike mapema. Kwa skiti, ambako sahani hupita karibu, tumia kibanio kilicho wazi. Kwa trepu, ambako sahani hukukimbia, tumia kilichobana zaidi. Kisha nunua mtutu wa pili wa inchi 18.5 kwa ajili ya nyumba. Viwanda kadhaa huuza bunduki moja ikiwa na mitutu yote miwili katika boksi moja, na kwa maoni yangu hilo ndilo chaguo la busara kwa familia yenye kipato cha kawaida. Kuubadilisha mtutu ni kazi ya dakika chache: unahakikisha bunduki haina risasi, unafungua nati iliyo mwisho wa bomba, unachomoa mmoja na kuuweka mwingine. Usiukate mtutu wowote mwenyewe ili uwe mfupi. Sheria ya Shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ya mwaka 1934 imeweka udhibiti mkali kwa shotigani yenye mtutu wa chini ya inchi 18 au urefu wote wa chini ya inchi 26, na kuwa nayo bila kibali na usajili ni kosa kubwa la jinai.

Kuhusu majina, mawili utakayoyakuta katika kila duka ni Remington 870, iliyoanza kuuzwa mwaka 1950, na Mossberg 500, iliyofuata muongo mmoja baadaye. Zote zimeuzwa kwa mamilioni, vipuri vyake vinapatikana kila mahali, na mafundi wanazijua. Mwili wa 870 ni wa chuma, hivyo bunduki ni nzito kidogo na mshindo wake hupungua begani. Mwili wa 500 ni wa alumini na ni mwepesi zaidi kubeba. Tofauti ninayoijali zaidi ni mahali pa kitufe cha usalama. Katika 500 kipo juu, nyuma ya mwili, ambapo kidole gumba hukifikia kwa urahisi, na mwenye kutumia mkono wa kushoto anakitumia sawasawa na wa mkono wa kulia. Katika 870 ni kitufe cha kusukuma pembeni, karibu na kifyatulio, na kimepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Kwa kuwa bunduki yenu itatumiwa na watu wawili, mimi ningeelekea kwenye 500. Fedha zikiwa chache, Maverick 88 hutoka katika familia hiyohiyo ya Mossberg na hupokea mitutu ya 500, ingawa kitufe chake cha usalama kipo karibu na kifyatulio kama cha 870.

Sasa nije kwa mke wako, kwa maana jambo hili wauzaji wengi hulipita haraka. Kitako cha kawaida cha mtu mzima kina urefu wa takriban inchi 14 kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Kwa mtu mfupi huo ni mrefu mno: shingo hunyooka, mwili huegemea nyuma, kitako hukaa juu ya mkono badala ya begani, na kila risasi humuumiza. Ataamini kwamba hawezi kutumia bunduki, kumbe bunduki haikumkaa. Mpimeni dukani. Kitako kikiwa begani, shavu lake lapasa kukilalia bila kujivuta, na mkono wa mbele ukifikie kishikio hata kikiwa kimesukumwa mbele kabisa. Chagueni kitako kinachomfaa yeye, kwa sababu mrefu anaweza kukizoea kitako kifupi, lakini mfupi hawezi kurefusha mikono. Vipo vitako vinavyouzwa pamoja na vipande vya kuongeza au kupunguza urefu, na hivyo vinakidhi haja ya wote wawili.

Geji nayo ina uhusiano na hilo. Namba ya geji huonyesha ni goroli ngapi za madini ya risasi, zenye upana sawa na tundu la mtutu, zingefikisha uzito wa ratili moja. Ndiyo maana geji 12 ni pana kuliko geji 20. Geji 12 ina risasi za kila aina, za bei nafuu zaidi, na pia zipo zilizopunguzwa nguvu makusudi. Geji 20 humpiga mtu teke dogo zaidi kwa kawaida, lakini hutengenezwa katika bunduki nyepesi, na wepesi huo hurudisha sehemu ya teke hilo. Kwa nyumba yenu ningechukua geji 12 na kumwanzisha mama kwa risasi nyepesi za uwanjani za wakia moja. Akiijaribu geji 20 ya rafiki na kuona inamfaa zaidi, nunueni hiyo bila wasiwasi. Ninachowasihi ni kutochanganya geji mbili katika nyumba moja. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya geji 12 huteleza ikapita chemba na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akiweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mbele ya uso wake. Viwanda huipa geji 20 ganda la rangi ya manjano kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu ulinzi wenyewe, yapo mambo mawili ambayo watu huyaamini na si kweli. La kwanza ni kwamba shotigani haihitaji kulengwa. Katika umbali wa chumbani marisau hayajapata nafasi ya kutawanyika, na huenda yakiwa fungu dogo tu, asiyelenga atakosa. La pili ni kwamba marisau hukomea ukutani. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni bodi za jasi, na marisau makubwa ya ulinzi huzipenya na kuendelea hadi chumba cha pili. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua risasi yoyote, tembeeni ndani ya nyumba mchana, mjue watoto wanalala upande gani, na mkubaliane kwamba usiku wa hofu familia itakusanyika katika chumba kimoja, mlango ufungwe, polisi wapigiwe simu, na bunduki ibaki mikononi mwa mtu mmoja anayeutazama mlango huo. Kuzungukazunguka gizani kumtafuta mgeni huzaa misiba, kwa sababu anayekutwa mara nyingine ni mtoto aliyekwenda kunywa maji.

Watoto wako watatu wananifanya niwe mkali hapa. Nunua sefu ya chuma siku ileile unayonunua bunduki, na kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, ahirisha bunduki. Chemba isikae na risasi nyumbani, kwani kitufe cha usalama huzuia kifyatulio tu na hakikuhakikishii usalama bunduki inapoanguka. Sheria ya Texas inamtia hatiani mtu mzima anayemwezesha kwa uzembe mtoto wa chini ya miaka 17 kuifikia bunduki yenye risasi. Mwanao wa miaka 11 afundishwe kwamba akiona bunduki popote, hata kwa rafiki yake, haigusi, anaondoka na kumwambia mtu mzima.

Kwa kuwa umesema una kadi ya ukaazi wa kudumu, sheria ya Shirikisho inakuruhusu kununua shotigani kwa muuzaji mwenye leseni ukiwa umetimiza miaka 18. Utajaza Fomu 4473, fomu ya serikali ya kununulia bunduki, na muuzaji atapeleka taarifa zako kukaguliwa katika mfumo unaosimamiwa na FBI, idara ya upelelezi ya Shirikisho. Jaza kila jibu kwa ukweli, na kama Kiingereza cha fomu kinakutatiza, omba ueleweshwe kabla ya kutia sahihi. Asikutume mtu yeyote umnunulie bunduki kwa jina lako, awe ndugu au mtu wa kanisa lako: kufanya hivyo ni jinai, na kwa asiye raia kosa la silaha laweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Jamaa yako aliye na viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa misamaha michache kama ile ya mwenye leseni halali ya uwindaji.

Fedha zitakazobaki zitumie kwa mwalimu wa uwanjani, kwa vizuia sauti vya masikio na kwa miwani. Mlio wa shotigani moja unatosha kuharibu usikivu usirudi tena.

SWALI: Mume wangu ameuziwa na mwenzake wa kazini Remington 870 ya zamani ya geji 12. Hatujui imetumika vipi. Tuichunguze nini kabla ya kwenda kuipiga? (Dada wa Louisville, Kentucky)

JIBU: Dada yetu, anzeni kwa kuhakikisha haina risasi, kwa jicho na kwa kidole, katika chemba na katika bomba. Kisha utazameni mtutu ndani kuelekea mwangaza: uvimbe, mkunjo au mashimo ya kutu ni sababu ya kumpelekea fundi. Nunueni risasi za bandia za kufanyia mazoezi, mzipitishe zote kwa kuvuta kishikio kwa nguvu na kikamilifu, mwone kama kila moja inaingia na kutoka. Kipande kinachotupa maganda katika 870 kimepigiliwa ndani ya mwili, na kukibadilisha ni kazi ya fundi, hivyo kasoro hiyo mjue ina gharama.

Halafu someni maandishi yaliyo ubavuni mwa mtutu. Yakisema chemba ni ya inchi 2¾, msitumie risasi za inchi 3 hata mkiona zinaingia bila kusumbua. Urefu wa risasi hupimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka baada ya kupigwa. Kabla ya hapo ni fupi zaidi, na ndiyo maana huingia. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda mno. Mtutu wa zamani ambao mdomo wake umebanwa na kiwanda bila kibanio cha kubadilisha, na ambao mara nyingi huandikwa FULL, usitiwe marisau ya chuma, kwa sababu hayabonyei kama ya madini ya risasi na yanaweza kuuharibu.

Mwisho, tazameni namba ya pekee ambayo kiwanda kimeichora kwenye mwili wa bunduki. Ikiwa imesuguliwa au imefutwa, msiipige wala kuiuza, na msiibebe barabarani, kwa kuwa kuimiliki tu ni kosa la Shirikisho. Mpigieni wakili kwanza, ili yeye awaongoze namna ya kuikabidhi kwa polisi.