Hiyo bastola ni CZ 27, usiitilie risasi za milimita 9

Ndugu, umeuliza bastola yako ni ya aina gani na inatumia risasi zipi. Maandishi ya "fnh" na "Pistole Modell 27 Kal. 7.65" uliyoyaona ubavuni yanatosha: hiyo ni CZ 27 ya Chekoslovakia, iliyotengenezwa chini ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Inatumia risasi za 7.65 Browning (milimita 7.65), ambayo kwenye boksi huandikwa pia .32 ACP.

Watu huichanganya na vz. 24, bastola nyingine ya Chekoslovakia, maana zinafanana sana. Tazama mifereji ya kushikia kule nyuma ya sehemu ya juu inayovutwa: ya 27 imesimama wima, ya 24 imelala mshazari. Hiyo 24 hula risasi za milimita 9 fupi (.380 ACP), wala si zile ndefu za kawaida za 9 Luger.

Tafadhali, kabla ya kufyatua, fundi bunduki akague mtutu na springi kwanza.