Vikao vya kuacha pombe: maswali yenu ya wiki hii

Barua za wiki hii zimetoka Malindi na Lamu, na zote zazunguka jambo moja: vikao vya watu wanaoacha pombe. Majina nimeyaficha. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa mangweni, kule kunakonywewa mnazi. Huu ni mwaka wa 9 sijaonja.

*Nimenuia kuacha Jumatatu. Nisipopata ya asubuhi, mikono hutetemeka na jasho hunitoka. Niende kikaoni moja kwa moja? — Fundi wa mashua, Lamu*

Fundi, pitia hospitali kwanza. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, na wengine siku ya 2 au ya 3 huweweseka, wakaona watu wasiokuwapo. Hali hiyo huua. Daktari ana dawa za kuutuliza mwili, na vitamini B1 juu yake. Mwambie kiasi cha kweli unachokunywa. Wengi wetu hutaja nusu.

*Nafundisha hapa Malindi. Nikionekana nikiingia kikaoni, kesho mji mzima unajua. Na huko nitasema nini? — Mwalimu*

Mwalimu, samahani kwa ukali, lakini mji mzima ulishakuona ukitoka mangweni na hukujificha. Vikao vya AA (Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha) vimesimama juu ya sitara. Unataja jina la kwanza tu, na ada hakuna. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba. Asiye nacho humpa wa pembeni kikaenda mbele. Sharti ni moja, uwe wataka kuacha. Kusema si lazima. Mimi vikao 3 vya mwanzo nilikaa karibu na mlango, nimeshika kikombe cha chai ya maziwa mpaka ikafanya utando juu. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Uliza kama kikao ni cha wazi au cha ndani. Cha wazi hata jamaa na marafiki huingia; cha ndani ni cha wenye shida hiyo tu, nacho ndicho kitakachokufaa. Pa kuanzia kutafuta ni 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au mshauri nasaha wa hospitali ya serikali.

*Huku kwetu Lamu sijui kikao chochote, na nasikia ni mambo ya kanisa. Mimi Muislamu. — Kijana wa Langoni*

Vikao vingi hukaa kwenye vyumba vya kanisa kwa sababu kanisa lina vyumba vya kukodi kwa bei nafuu, basi. Zile hatua 12 za AA za kuacha pombe zinamtaja Mungu, ila kila mmoja kwa anavyomjua yeye. Nimekaa na Waislamu waliotoka hapo wakawahi Magharibi msikitini.

Vikao vya kwenye simu vipo, vya kila saa. Najua nyumba za Langoni, mtu akikohoa jirani anamwambia pole. Basi panda darini, tia waya masikioni. Tena watu 2 wanatosha kuwa kikao. AA ilianza hivyo mwaka 1935, mji wa Akron, Marekani: mfanyabiashara Bill aliyeharibikiwa na safari yake, baa ya hoteli ikimwita, akashika simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa Bob, daktari wa upasuaji.

*Mimi ni mgema, minazi 11, asubuhi na jioni. Kikaoni nimekwenda mara mbili. Nikitoka, napanda tena. Niache kazi? — Mgema, nje ya Malindi*

Hii barua imenikalisha siku mbili. Kuonja ndiyo kazi yenyewe, na pombe ya mnazi haina subira: tamu ya asubuhi, jioni ni kali. Mtu wa ofisini atakwambia ukae mbali na pombe, kana kwamba hiyo pombe siyo karo ya watoto wako.

Kikaoni kwetu alikuwapo mgema. Kuonja alimwachia mnunuzi. Akifika chini alikuwa akiziba mdomo wa dumu kwa gunzi kabla hajaivua kotama, kisu cha kugemea, kiunoni, maana alisema mkono ukikaa bure tu, umekwisha. Akaanguka mara mbili, akarudi kuhesabu siku ya 1. Kilichomsaidia hatimaye ni kugeuza minazi, miwili kwa mara. Karara, lile ua changa la mnazi, ukiigema haizai. Ukiiacha ifunguke, baada ya miezi 7 hivi una madafu, na nazi kavu ni mwaka. Angegeuza yote kwa pamoja, nyumba ingelala njaa. Wewe pia tafuta mdhamini, mtu aliyekutangulia kuacha, umpigie kabla ya kupanda jioni. Usingoje mpaka umeshuka.

*Mume wangu hataki kusikia habari za kikao. Nimburute? — Mama wa watoto watatu, Malindi*

Haburutwi mtu, mama. Nenda wewe. Al-Anon ni vikao vya jamaa za walevi, vipo tangu 1951, na kwa simu pia vinapatikana. Ukikosa usingizi kwa ajili yake, nawe una la kusema huko. Na kama kila Jumatatu unampigia bosi wake simu kusema ana homa, mwache apige mwenyewe.